Mama, Unakunywa Dawa Gani?

Mazungumzo ya leo yanahusu uyoga, na nasema hasa na akina mama. Akina baba msizime redio. Pesa ya dawa mara nyingi hutoka mfukoni mwenu, na katika nyumba nyingi za hapa kwetu Goma ruhusa ya kwenda hospitali bado inaombwa kwenu.

Sizungumzii uyoga wa kwenye sahani. Ule tunaujua. Mvua zikikolea, wauzaji wanateremka nao kutoka Masisi na Rutshuru, unapikwa kwa mawese na kitunguu, unaliwa na ugali, na nyumba iliyokosa nyama siku hiyo haioni pengo. Nazungumzia uyoga wa dawa, unaokaushwa na kutwangwa, ambao mama hupewa akilalamika tumbo la chini.

Tembeeni asubuhi kwenye masoko yetu, upande wanakokaa wauza dawa za kienyeji. Gunia limetandikwa juu ya mawe meusi ya volkano. Juu yake kuna mizizi, maganda ya miti, udongo wa kulamba wa wajawazito, na vijipakiti vya unga wa kahawia vilivyofungwa kwa nailoni. Ukiuliza unga huu unatibu nini, muuzaji anakuhesabia: uchafu unaotoka, damu inayozidi siku za mwezi, mayoma ule uvimbe wa kizazi, mirija iliyoziba, mimba zinazotoka, kusafisha kizazi, kutafuta mtoto. Ukiuliza ni unga wa nini, jibu huwa fupi: dawa ya porini. Ndani yake mnaweza kuwa na mzizi, gome, au uyoga ule mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo, na macho hayawezi kutofautisha kitu kikishakuwa unga. Kipimo ni kizibo cha chupa ya bia. Kizibo kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwenye uji au maji ya moto, mpaka pakiti iishe.

Siku hizi uyoga unaingia mjini kwa mlango wa pili. Unakuja katika vidonge na katika pakiti za kahawa, kwenye boksi lenye maandishi ya Kichina au ya Kiingereza. Kampuni za kutoka Asia zinauza kwa njia ya watu kuuziana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo anayekuletea si mfamasia. Ni mwenzako wa kwaya, jirani yako, au binti wa shangazi yako. Uyoga wenyewe huitwa lingzhi, wengine husema reishi. Ahadi ni zilezile za gunia la sokoni, ila bei ni mara nyingi zaidi, na mama anaambiwa asikatishe dozi kabla ya miezi kadhaa.

Mimi siwacheki wanawake wanaotumia dawa hizi, na siwapendi wanaowacheka. Mama wa mtaa wa Ndosho au Mugunga anayenunua pakiti sokoni ana hesabu yake kichwani. Kituo cha afya kinataka pesa ya fishi ya mgonjwa, pesa ya kipimo, na pesa ya dawa. Sokoni anaweza kulipa kidogo leo na kidogo wiki ijayo. Anayemwuzia anamwita dada na kumsikiliza. Kituoni huenda akavuliwa nguo mbele ya kijana mwanafunzi, akaulizwa kwa sauti ya juu amelala na nani. Na tangu mapigano ya Januari 2025 hapa Goma, uwanja wa ndege ulipofungwa na benki zikafunga milango, wako waliobaki bila hata nauli ya pikipiki. Anayetaka mama huyu abadili njia aanze kwa kukubali kwamba alikuwa na sababu.

Ninachodai jioni hii ni kimoja. Mama atamke anachotumia, na anayemhudumia amwulize bila kumdhalilisha. Nitaeleza kwa nini jambo hilo linaloonekana dogo linaokoa kizazi na roho.

Kwanza, tiba ya uyoga kwa magonjwa ya wanawake haikubuniwa juzi. Kitabu cha kale cha dawa cha Wachina kinachobeba jina la Shennong, chenye umri wa karibu miaka elfu mbili, kinautaja uyoga wa kwenye mti wa mforsadi kuwa dawa ya wanawake wanaotokwa na damu na uchafu. Nigeria, mwaka 1977, mtafiti Oso aliandika juu ya uyoga katika tiba ya Wayoruba. Upo mdogo wa kwenye vichuguu uliotumika kutibu kisonono. Upo mwingine wa mviringo, ule ambao ukiukanyaga ukiwa umekauka unatoa vumbi, uliotumika kwa uchafu wa ukeni na kwa wanawake waliokosa mtoto. Kenya, kwenye Mlima Elgon, watafiti akiwemo Josphat Matasyoh wa Chuo Kikuu cha Egerton na Marc Stadler wa Ujerumani walichunguza uyoga mgumu wa miti ulio jamaa ya ule wa mforsadi wa Wachina, na mwaka 2018 wakachapisha habari za kemikali mpya walizozikuta ndani yake. Mwaka huohuo Héritier Milenge Kamalebo na wenzake walichapisha kazi yao juu ya uyoga wa pori wa mkoa wa Tshopo hapa nchini, wakiandika majina wanayoyatumia wenyeji na kazi wanazoupa, chakula na dawa. Na mwaka 2009 watafiti Balezi na Decock walikuwa wameipa jina aina ya uyoga wa miti wa Rwenzori ambayo sayansi haikuwa imeiandika.

Nataja majina haya ili mjue kwamba misitu yetu inatazamwa na watu makini, wengine wakiwa watoto wa nchi hii. Lakini kuandika kwamba watu wanatumia dawa ni hatua ya kwanza tu. Kama inaponya, kwa kiasi gani, na inamdhuru nani, hayo yanatafutwa kwa njia nyingine. Naona tutaelewana vizuri zaidi nikiwasimulia habari ya kuvu moja, jamaa wa uyoga, ambayo wakunga wengi wa Goma wameishika mkononi bila kujua ilikotoka.

Katika nchi za baridi kuna nafaka, jamaa ya ngano, ambayo Wafaransa huiita seigle. Mwaka wa mvua na baridi, baadhi ya punje zake zinaharibika. Mahali pa punje panaota kitu cheusi, kigumu, kilichopinda, kirefu kuliko punje yenyewe, kinachochomoza nje ya suke. Hiyo ni kuvu, na wataalamu huiita Claviceps purpurea. Ikisagwa na nafaka na kuliwa katika mkate, mishipa ya damu inajikaza mpaka vidole vinakuwa vyeusi na kukatika. Wengine wanashikwa na degedege. Watu wa Ulaya waliuita ugonjwa huo moto wa Mtakatifu Antoni, na mwishoni mwa karne ya 11 ilianzishwa jumuiya ya watawa waliowauguza wagonjwa wake. Afrika ya Mashariki nayo imeyaona maradhi hayo: mwaka 1978 watu wa Wollo, Ethiopia, walikatika viungo kwa kula nafaka iliyochanganyika na kuvu ya namna hiyo.

Wanawake wa Ulaya waliona jambo jingine. Mjamzito akila kuvu hiyo, kizazi kinajikaza. Wakunga wakaanza kuitumia makusudi, na waliijua kabla ya madaktari. Mwaka 1582 tabibu Mjerumani Adam Lonitzer aliandika kwamba wanawake wanaitumia kuamsha uchungu wa kuzaa, na akataja kipimo chao: vipande vitatu vya ile pembe nyeusi. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa jimbo la New York, Marekani, aliwasifia wenzake unga wa kuvu hiyo, kwamba unaharakisha uzazi uliochelewa na kumwokolea mzalishaji muda wake. Madaktari wakaushika kwa mikono miwili. Miaka 16 baadaye, mwaka 1824, daktari mwingine wa New York, David Hosack, alipaza sauti kwamba tangu unga huo uenee watoto wanaozaliwa wafu wameongezeka mjini. Akasema kwamba kwa mtoto unga huo ni wa kifo, na kwamba kazi yake halali ni moja tu, kuzuia damu baada ya mtoto kutoka.

Sikilizeni vizuri sababu yake, maana ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Uchungu wa kawaida unakuja na kuondoka. Kizazi kinajikaza, kisha kinalegea, na katika kule kulegea mtoto anapata hewa kupitia damu ya mama. Kuvu ile inakaza kizazi bila kukilegeza. Mtoto akiwa bado ndani, anakosa hewa. Njia ikiwa nyembamba au mtoto amelala vibaya, kizazi kinaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa. Mtoto na kondo vikishatoka, mkazo uleule unabana mishipa iliyoachwa wazi na damu inakoma. Dawa ni ileile na mama ni yuleyule. Kinachotenganisha uhai na kifo ni saa ya kuitumia na kiasi.

Mwaka 1932 daktari wa London, John Chassar Moir, alipima jinsi kizazi cha mama aliyetoka kujifungua kinavyojikaza akinywa maji ya kuvu hiyo. Mwaka 1935 yeye na mkemia Harold Dudley wakaitenga dawa yenyewe, wakaiita ergometrini. Ndugu yake wa karibu ni ile ampuli ya Methergin ambayo wakunga wetu wanaijua kwa jina. Ndani ya ampuli mna miligramu 0.2, kiasi ambacho huwezi kukiona kwenye ncha ya kisu. Haipewi mama mwenye presha ya juu, na haidungwi kabla mtoto hajatoka. Leo Shirika la Afya Duniani linatanguliza dawa nyingine, oksitosini, lakini dawa iliyotokana na kuvu bado imo katika orodha ya kuokoa wazazi. Damu ya baada ya kujifungua inaua makumi ya maelfu ya wanawake kila mwaka duniani.

Kwa hiyo anayesema kwamba dawa za wakunga wa zamani ni ushirikina mtupu hajui dawa iliyomo kwenye friji ya hospitali yake. Na anayesema kwamba dawa ya porini haina madhara kwa kuwa ni ya asili, namkumbusha vile vidole vilivyokatika na wale watoto wa New York. Kati ya wakunga wa mwaka 1582 na ampuli ya leo kuna zaidi ya miaka 350, na sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika katika miaka hiyo ilikuwa kutafuta kipimo. Kizibo cha chupa hakiwezi kufanya kazi hiyo, maana hata uyoga wa aina moja hauna nguvu sawa ukitoka miti miwili tofauti.

Kongo ina habari yake inayofanana na hii. Miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Lorents Gran, alikuwa nchini mwetu na Msalaba Mwekundu. Akaona akina mama walio katika uchungu wakitumia chai ya mmea wanaouita kalata-kalata ili wazae upesi. Angeweza kuwafokea na kumwaga ile chai. Badala yake aliuliza, akaonyeshwa mmea, akaubeba mpaka maabara. Mmea huo, Oldenlandia affinis, ukakutwa na kijenzi chenye nguvu ya kukaza kizazi. Kilikuwa protini ndogo, na protini kwa kawaida huharibika ikichemshwa, lakini hii ilivumilia sufuria ya wale mama. Sababu ilijulikana mwaka 1995: umbo lake ni pete iliyofungwa, haina mwanzo wala mwisho, ndiyo maana moto hauifungui. Leo kuna maabara ulimwenguni zinazochunguza protini za namna hiyo ili kutengeneza dawa mpya, na jina la kwanza katika ukoo wao mpaka leo ni kalata, neno la akina mama wa Kongo.

Mama wetu wa Kivu anayepewa majani au unga wa kuongeza uchungu anatumia dawa za mkondo huohuo. Zinaweza kufanya kazi kweli. Ndiyo sababu ni za hatari, na ndiyo sababu mkunga anayekupokea lazima ajue umekunywa nini na saa ngapi. Akikutundikia dripu ya oksitosini bila kujua kwamba tumboni umeshaweka nyingine inayokaza, dawa mbili zinakutana ndani ya kizazi kimoja. Hospitali ya HEAL Africa hapa Goma imewashona wanawake wengi wenye fistula, tundu ambalo mara nyingi hutokana na uchungu uliokaa siku nyingi bila msaada. Mama aliyekwama katika uzazi anahitaji kufikishwa kwenye upasuaji. Kuongezewa nguvu za kusukuma kwenye njia isiyopitika kunamwumiza zaidi.

Sasa tuje kwa wale wasio wajawazito, wanaotumia uyoga kwa uchafu, kwa mayoma, kwa kutafuta mtoto. Hapa nitasema jambo ambalo wauzaji hawatalipenda. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli kabisa, hauthibitishi dawa. Mayoma mara nyingi yanapungua yenyewe hedhi ikikoma. Mama wa miaka 50 akinywa unga mwaka huo, atasimama kanisani kuushukuru unga. Wenzi waliokosa mimba mwaka wa kwanza, karibu nusu yao wanaipata mwaka wa pili bila dawa yoyote. Na virusi vya papiloma, vile vinavyoitwa HPV, kwa wanawake wengi vinaondoka vyenyewe ndani ya miaka miwili. Aliyekunywa kitu katikati ya muda huo atasema alitibiwa, na hatakuwa mwongo. Ila hatujui kama ni dawa au ni mwili wake.

Watafiti wanajua ugumu huu, ndiyo maana wanagawa watu makundi mawili. Huko Texas, Marekani, Judith Smith na wenzake walitoa mwaka 2022 matokeo ya jaribio la dawa inayoitwa AHCC, inayotengenezwa kutokana na nyuzi za uyoga wa shiitake. Waliwachukua wanawake ambao HPV imekaa mwilini zaidi ya miaka miwili. Kati ya 22 waliopewa dawa kwa miezi sita, 14 hawakukutwa tena na virusi. Kati ya 19 waliopewa kidonge kitupu, ni 2 tu. Nakiri matokeo hayo yananipa moyo. Lakini hesabuni: ni wanawake 41, wachache kuliko foleni ya bomba la maji asubuhi. Dawa hiyo ni moja, ya kiwanda, kipimo chake kinajulikana, na ilipambana na virusi. Haikujaribiwa kwa saratani iliyokwisha kuota. Hakuna anayeweza kuchukua matokeo ya Texas akayabandika kwenye unga wa sokoni Goma.

Kuhusu lingzhi, wataalamu waliokusanya majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa saratani walikuta kwamba ushahidi hautoshi kuitumia kama tiba ya kwanza. Na kuna onyo ambalo halisemwi katika mikutano ya mauzo. Uyoga huo unaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda. Mama anayetokwa na damu nyingi kwa sababu ya mayoma, akiunywa kila siku ili mayoma yapungue, anaweza kujiongezea damu aliyotaka kuizuia. Anayekunywa dawa za kuyeyusha damu, au anayesubiri kupasuliwa, amwambie daktari wake kwamba anautumia. Boksi lina maandishi mazuri, lakini halijui historia yako.

Na kuna desturi nyingine ambayo naisema kwa heshima, nikijua watoto wanasikia. Wapo wanaoweka unga ndani ya njia ya uzazi, wanaojisafisha humo kwa maji ya dawa, au kwa sabuni na chumvi, ili pakauke, pabane, pasiwe na harufu. Mabinti wengi wamefundishwa hivyo na wakubwa wao. Ndani ya uke mnaishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo inazuia vijidudu vibaya visiote. Ukisafisha, unawatoa. Wanaobaki wanaleta harufu na uchafu, mama anasafisha tena kwa nguvu zaidi, na mzunguko unaanza upya. Ngozi ya humo ikikwaruzwa, virusi vya UKIMWI navyo vinapata njia. Muwasho nao mara nyingi unatokana na kuvu, jamaa wa mbali wa uyoga, anayeitwa kandida. Karibu wanawake watatu kati ya wanne wanampata angalau mara moja maishani. Anatibiwa kwa kidonge au mshumaa wa dawa wa bei nafuu, na hana uhusiano na uasherati wa mtu yeyote. Maji safi kwa nje yanatosha. Ndani pasiingizwe kitu ila dawa uliyopewa kituoni.

Nimesubiri mpaka sasa kutaja lile linaloniumiza kuliko yote. Mwaka 2022 duniani waligunduliwa wanawake wapatao 660,000 wenye saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walikufa. Wengi wao ni wa nchi kama yetu. Dalili zake za mwanzo zinafanana na zile alizozitaja muuzaji wa sokoni: uchafu wenye harufu, damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, maumivu ya tumbo la chini. Mama anapewa unga wa mwezi mmoja. Haujasaidia, anabadilisha muuzaji. Anaambiwa ni sumu amepewa na mke mwenza, anatafutiwa dawa ya sumu. Mwaka unapita. Siku anapofika hospitali, uvimbe umeshafika kwenye kibofu, na daktari anabaki na dawa za maumivu. Unga wenyewe huenda haukumdhuru hata kidogo. Ulimlia muda.

Na uchunguzi wake ni mwepesi kuliko tunavyoogopa. Mama analala, mkunga anafungua njia kwa kifaa, anapaka pamba yenye siki, aina ya ile ya kachumbari ila imepimwa, kwenye mlango wa kizazi. Anangoja kama dakika moja. Mahali palipoanza kubadilika panageuka peupe. Pakionekana mapema, panachomwa kwa baridi au kwa joto, mara nyingi bila kulazwa, na mama anarudi nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake waanze kupimwa wakifika miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze miaka 25. Kipimo cha kisasa cha HPV ni bora zaidi kinapopatikana. Kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14 kuna chanjo. Wenzetu wa hapo ng'ambo, Rwanda, walianza kuwachanja wasichana wao nchi nzima mwaka 2011, wa kwanza Afrika, na mwaka huohuo wakawafikia zaidi ya 90 kati ya kila 100. Kutoka mtaa wa Birere hapa Goma mpaka huko ni hatua za miguu. Mabinti wetu wana haki ya kinga ileile, na wakubwa wa afya wa upande wetu, wawe akina nani, wanapaswa kuulizwa kila siku mpaka wajibu.

Kwa watafiti wa kituo cha Lwiro, wa Chuo Kikuu cha Goma na wa Bukavu: unga ule wa kahawia unangoja. Uchukueni, mjue ni uyoga gani, ni mti gani, una nini ndani. Wanaoujua ni wanawake wazee wa Masisi, Walikale na Lubero, na vita vinawatawanya na kuwazika pamoja na wanachokijua. Nendeni kwao mapema, na jina la aliyewafundisha liandikwe, na faida ikipatikana irudi kwake na kwa watoto wake.

Kwa waganga wa kienyeji: mama akija kwako anatokwa na damu naye ni mjamzito, au hedhi yake ilikoma miaka iliyopita na sasa damu imerudi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hutapoteza heshima. Utapata mama anayerudi mzima kukushukuru.

Kwa wauguzi, wakunga na madaktari: nawaomba swali moja liingie katika kila mazungumzo yenu na mwanamke. Mama, nyumbani unakunywa dawa gani? Ulizeni kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, kama mnavyouliza habari za watoto. Akijibu, msikunje uso wala kumwita mshamba. Andikeni jibu kwenye fishi yake.

Na wewe mama unayenisikiliza ukiwa jikoni, na ile pakiti uliyoificha nyuma ya makopo: sikuambii uitupe usiku huu. Utakapokwenda kituoni, ibebe mkononi, iweke mezani, sema umeitumia tangu lini na kwa nini. Ikiwa damu inakutoka baada ya kukutana na mume wako, au imerudi baada ya hedhi kukoma, usimalizie pakiti. Nenda kesho asubuhi, ukapimwe.